Sura ya Mtoto Kwenye Mlango wa Kushoto

Nyumba namba 14,
Uchochoro wa Kisima cha Mawe,
Mji Mkongwe, Yangzhou.
11 Machi 2019

Mpendwa mjukuu wangu Suyi,

Sikusalimu kwanza. Kwanza nakugombeza, salamu zitafuata zikipata nafasi. Miaka kumi na moja, we mtoto! Yule mbwa wa jirani aliyekuwa akikubwekea kila jioni amekufa, mwanawe naye amekufa, sasa yupo mjukuu wake na wala hakujui. Kila mwaka mpya unatuma sanduku la matunda makavu, kama vile sisi tumekulalamikia kwamba hatupati choo. Babu yako amekufa, ukatuma shada la maua. Lilikuwa shada zuri, sikatai, lililipita hata lile la chama cha mafundi. Lakini shada halipigi magoti, Suyi. Kwenye mstari wa wajukuu palikuwa na mto wa kupigia magoti umekaa mtupu. Mimi ndiye niliyeuweka pale, na kila aliyetaka kuuondoa nilimtazama mpaka akaondoka yeye.

Haya. Hujambo? Mumeo Chengyi hajambo? Na huyo Ningning wenu ninayemjua kwa picha, meno yameshaota yote? Nasikia huko Lanzhou hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Unywe maji, tena ya moto. Ukinywa ya baridi nitajua.

Sisi huku ni wazima wa kujikongoja. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Baba yako Dezhong bado anaendesha tishari la mchanga kwenye mfereji, na akirudi analala kama gunia lililoshushwa. Shangazi yako Huilan ametia kabichi kwenye chumvi mwaka huu, akatia mkono mzito, sasa tunakula huku tunalia na kila mtu anasema tamu.

Anayeniandikia ni Mama Rong wa duka la dawa za miti, yule uliyekuwa ukimwibia vijiti vitamu vya dawa ya kikohozi. Anasema alikuwa anakuona na alinyamaza tu. Mimi, kama ujuavyo, shule niliipita kwa nje nikienda kuchota maji. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirembe. Ukikuta neno lililorembwa, hilo ni lake.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Simu unaikata. Barua utaitupa mezani, utaizunguka siku mbili, kisha utaifungua. Nakujua.

Juzi Jumamosi tulitimiza siku ya arobaini na tisa ya babu yako. Tulichoma karatasi za sadaka ya wafu, tukampikia ile mipira mikubwa ya nyama aliyoipenda, nikamwekea na kikombe cha pombe ya mchele. Nilikuwa nimejiapia kwamba nikishamfikisha siku hiyo nitakuambia jambo. Nimemfikisha. Sasa sina pa kujifichia.

Ni habari ya kabati la chumba cha mashariki.

Wewe unalijua, hata ukijifanya umesahau vidole vyako havijasahau. Lakini Chengyi halijui, na najua atasoma juu ya bega lako, kwa hiyo nianze mwanzo naye apate kufuata.

Chengyi, baba yangu. Kabati hilo lilitengenezwa zamani za wafalme na babu yake baba mkwe wangu. Ni la laka nyeusi, ile laka yetu halisi, utomvu wa mti, na milango yake miwili imepambwa kwa vipande vya kombe la baharini, lile ling'aalo kama lulu, vilivyosuguliwa vikawa vyembamba kuliko bawa la nyenje. Mlango wa kulia una mierebi, korongo wawili, na mwanamke dirishani. Mlango wa kushoto una bustani na daraja, na juu ya daraja yuko mtoto wa kike ameshika taa ya umbo la samaki, anageuka kutazama nyuma kama mtu aliyeitwa. Sura yake haikuzidi mbegu ya tikiti. Lakini ukipita na mshumaa ilikuwa inabadilika, mara waridi, mara kijani, ungesema anataka kukujibu.

Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, ule mwaka wa sitini na sita, zikaja habari kwamba vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakivunja vitu vya kale. Jirani yetu mzee Fei alikuwa na kabati la namna hiyo hiyo, dogo kidogo. Akachukua chokaa, akalipaka lote jeupe, akalijaza viazi. Akaja kumwambia baba mkwe, "Paka chokaa, ndugu yangu, paka leo."

Baba mkwe akamwangalia kama aliyemwambia apake kinyesi. "Chokaa? Juu ya mkono wa babu yangu? Bora waje na shoka."

"Basi utapaka nini?"

"Nitapaka laka."

Na kweli akaenda kutoa laka yake bora, ya kugemwa katikati ya kiangazi, aliyokuwa ameiweka kwa kazi ya maana. Akaifunika milango yote miwili, mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, mbio mbio, huku ameziba madirisha na ametandaza matambara ya maji sakafuni ili ikauke vizuri, maana laka hukauka kwenye unyevu. Mume wangu, yaani babu yenu, alikuwa amemshikia taa. Vijana walipokuja wakakuta kabati jeusi la kawaida, wakalipiga teke, wakaondoka. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakatulia. Mzee Fei akanunua chupa mbili za siki ya Zhenjiang, akalifuta kabati lake mchana mmoja, jioni ng'aa ng'aa! Letu likabaki jeusi. Laka ikishakauka imekauka, haijui maji, haijui siki, haijui majuto. Dawa yake ni moja, kuisugua kwa mkaa na maji, kidogo kidogo, kwa kidole, mpaka ulifikie kombe bila kulila. Ukipitiliza pumzi moja, limekwenda.

Ndivyo walivyo watu wa nyumba hii, Chengyi, uwajue. Hata wakijificha wanataka kujificha kwa kazi nzuri.

Baba mkwe alikufa milango ikiwa bado myeusi. Babu yenu alipostaafu aliushika mlango wa kulia, ukamchukua miaka sita. Korongo wakatoka wote wawili, na manyoya yao. Hapo macho yake yakaanza kufunga ukungu. Mlango wa kushoto akampa Suyi.

Sasa nasema na wewe, Suyi. Nakumbuka ulivyoanza. Mwezi wa kwanza sumu ya laka ikakushika, uso ukaumuka kama andazi la mvuke, lile la kuchovya kwenye siki, macho mawili yakawa mikunjo. Babu yako akakutazama akacheka, "Sasa umekuwa fundi, sasa tukupeleke sokoni tukuuze mia mia." Nawe ukasema, "Mniuze na siki, Babu." Wiki tatu hukujikuna, ulikalia mikono. Usiku ule ule babu yako akaniambia chumbani, "Huyu anayo." Wewe hakukuambia hata siku moja. Mtu wa ajabu. Sifa alikuwa akizihifadhi kama laka, amezifunika na karatasi ya mafuta hewa isiingie.

Miaka miwili ulisugua mlango ule. Bustani ikatoka. Daraja likatoka, jiwe kwa jiwe. Kiangazi cha mwaka ule wa pili ukafika kwa mtoto. Taa ya samaki, mikono, kola, nywele na kibanio chake. Kisha ukafika mahali pa sura.

Nilikuwa jikoni nakata figili. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia kila neno, na hivi ndivyo lilivyokuwa, usije ukasema nimeongeza.

Ulisema, "Babu, hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi?"

"Hakuna sura. Nimefika chini. Ni peusi."

"Baba yangu alifunika mtoto mzima. Mimi nilishika taa."

"Basi hukuona vizuri, Babu. Hakuna."

"Umeila."

"Sijaila!"

"Umesugua ukapitiliza. Sawa. Hata mimi nimewahi kula kombe, baba yangu alinichapa na ufito kisha akanipa chakula. Kula kombe ni ajali ya kazi. Lakini kusimama mbele ya kazi ukasema uongo, Suyi, hiyo si ajali. Sema umeila."

"Siwezi kusema nimeila wakati sijaila."

"Basi weka mkaa chini, utoke. Mikono ya uongo haigusi mlango huu."

Nawe ukasema, kwa ile sauti yako ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "Tafuta fundi asiye na meno, huyo hatakula." Ukaweka mkaa chini. Nilisikia ulivyogonga sahani ya mkaa. Ukapita jikoni, ukanitazama. Ulisimama pale, Suyi. Ulinisubiri niseme kitu. Nikakuambia, "Chukua sweta." Kiangazi kile! Nikaendelea kukata figili.

Wewe hukula kombe. Sura haikuwepo. Niliitoa mimi.

Mama Rong ameweka kalamu chini ananikodolea macho. Andika, mwanamke. Andika kama ilivyo, "niliitoa mimi."

Ule mwaka wa sitini na sita, mwezi wa tatu, nilizaa mtoto wa kike. Baba yako hakuwa amezaliwa bado. Mtoto huyo hakufikisha siku mia za kupewa jina na kugawiwa watu mayai mekundu. Aliishi siku arobaini na moja. Mtoto wa umri ule zamani hazikwi kaburini, hawekewi ubani, hatajwi mezani. Mama mkwe alimfunga kwenye mkeka, mtu mmoja akampeleka ng'ambo ya mfereji, nikaambiwa niende nikapike. Nikapika. Lakini siku zile arobaini na moja nilikuwa nanyonyesha chumba cha mashariki, nimekaa mbele ya kabati lile, na yule wa kwenye daraja alikuwa akitutazama sote wawili. Mwanangu alipokwenda, yule wa darajani akabaki.

Mwezi wa nane baba mkwe akanituma nipanguse milango vumbi kabla hajaipaka. Nikapangusa. Nilijua kinachokuja. Nilikuwa nimeshafunika mmoja mwaka ule ule, sikuweza kufunika wa pili. Nikachomoa pini kichwani, nikaingiza ncha chini ya kidevu cha ile sura, ikatoka nzima, pap, kama gamba la samaki. Nikaziba shimo kwa tope la laka na unga wa tofali, nikalisawazisha na kucha. Baba mkwe alikuwa na haraka, taa ilikuwa ndogo na babu yako aliyeishika macho yake yalikuwa mlango wa nje. Hawakuona.

Niliishonea kwenye kola ya koti langu la pamba. Ikakaa humo.

Basi uniulize ulilotaka kuniuliza jikoni siku ile. Kwa nini sikusema? Ningekuambia niliogopa, lakini mimi nimuogope babu yako? Nilimtupia sahani mara mbili. Jawabu ni baya zaidi. Ningesema, ningetakiwa kuitoa. Wangeirudisha mlangoni, mali ya ukoo, na mimi ningebaki na kola tupu. Nikapima, Suyi. Nilisimama na kisu mkononi nikapima, wewe upande huu, kipande cha kombe upande ule. Nilijiambia wewe utarudi baada ya wiki, una hasira za babu yako, zinapanda zinashuka. Nilikuuza kwa mbegu ya tikiti.

Wiki ikawa mwezi. Ndipo tukasikia umefika Lanzhou, umejifunza kutengeneza meno ya bandia. Baba yako alipotuambia, babu yako akawa anakunywa chai. Akasema, "Meno? Yanatengenezwaje?" Baba yako akasema yanachongwa, yanasuguliwa, yanang'arishwa. Babu yako akakizungusha kikombe. Kisha akasema, "Basi bado anasugua." Akamaliza chai yake. Siku ile hakugombana na mtu.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Kila mwaka ikawa vigumu kuliko uliopita, kama laka, mkono juu ya mkono.

Desemba iliyopita alianguka, hakuinuka tena. Tulimhamishia chumba cha mashariki kwa sababu hakina upepo. Macho yalikuwa yamezima, lakini alitaka alazwe ubavu, uso kwenye kabati. Siku moja namwosha miguu, mchana, jua limeingia mpaka kitandani, akasema tu, bila kuulizwa, "Yule mtoto angesema ukweli, ningemsamehe siku ile ile."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni. Nikasema, "Alisema ukweli."

Nikamwambia yote. Pini, tope, kola. Akafumba macho, nikadhani amenifia. Kisha akasema, "Miaka hamsini na miwili umelala nami na sura ya mtoto kwenye kola?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana lile koti ulikuwa humpi mtu akufulie."

"Ndiyo."

"Nilidhani una hela humo, mama Dezhong. Nimekuwa nakuheshimu bure." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine, nikageuka nisimtazame.

Halafu akasema, "Niinueni."

Baba yako alikuwepo. Tukamweka kwenye kiti, tukakibeba kiti mpaka mbele ya mlango wa kushoto. Nikamshika mkono nikauweka kwenye daraja. Yeye mwenyewe akapanda, taa, mikono, kola. Akafika mahali pa sura, akaweka gumba. Akalipitisha polepole, mara moja, mara ya pili. Miaka yote kumi na moja hakuwahi kupagusa. Alikuwa na hasira, alipita mbele ya mlango ule amegeuza kichwa.

Akasema, "Dezhong, njoo, weka kidole hapa. Mtu akisugua kombe likaisha, hubaki mteremko. Linapungua, linapungua, linakwisha, kama ukingo wa mchanga. Hapa hakuna mteremko. Hapa tope limebonyea, kuna ukingo uliosimama, kama ngazi. Kombe lililochomolewa."

Baba yako akasema, "Baba, mimi ni mtu wa mchanga, sijui ngazi wala mteremko."

"Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua," akasema babu yako. "Ningeweka gumba tu." Akalitazama gumba lake, kama anaweza kuona. "Nilikuwa nalo. Siku ile nilikuwa na gumba hili hili."

Hatukuweza kumtoa pale mpaka jua lilipoondoka mlangoni.

Kabla hajalala aliniuliza jambo moja. Aliniuliza, "Ulimwitaje?" Nilijua anamuulizia nani. Hatukumpa jina, lakini mtu ananyonyesha siku arobaini na moja, anaita kitu. Nikamwambia. Akalitamka mara moja. Jina hilo simpi Mama Rong aliandike, na asinitazame hivyo. Nitakuambia wewe ukija.

Siku tatu mfululizo tukakupigia simu, adhuhuri, wakati wako wa chakula. Baba yako alishika, babu yako akawa ameegemezwa mito, amechanwa nywele. Amechanwa nywele kwa simu! Iliita mpaka ikachoka. Nakulaumu? Mimi siku hizi husema ukweli, basi ndiyo, nakulaumu kidogo, na mimi najilaumu kingi, na unaweza kuona mwenyewe ni nani anayestahili sehemu kubwa.

Siku ya nne ulimi ulikuwa mzito. Nikamwinamia, nikamuuliza nikuambie nini. Akasema, "Laka nyembamba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mikono mitatu. Si miwili. Asiwe na haraka." Hakusema tena neno la maana baada ya hapo. Alikwenda tarehe ishirini Januari, asubuhi, uso kwenye kabati.

Mtu mwingine angesema hayo si maneno ya kuaga. Wewe ulikaa naye miaka miwili, unajua alivyokuwa. Alikukabidhi kazi ya kuirudisha ile sura. Kama ulikuwa unangoja msamaha wake, ndio huo, hakuwa na mwingine. Na kama ulikuwa unangoja akuombe wewe msamaha, nao ndio huo huo.

Baba yako alitaka kumwita fundi kutoka karakana ya mjini aje aumalizie mlango. Nilimfukuza na upawa. Babu yako aliacha laka kwenye ndoo ndogo ya mbao, nimeifunika na karatasi ya mafuta kama alivyonifundisha, kila wiki naibonyeza hewa isiingie. Haina mwenyewe mwingine. Sura nimeitoa kwenye kola. Imo kwenye kopo la vifungo, imefungwa kwenye pamba. Imepauka upande mmoja kwa jasho la shingo yangu. Utaiona. Usinisemeshe juu ya hilo.

Siku ya kwanza nilipoitoa nilikaa nayo kiganjani mpaka chai ikapoa. Nilidhani nitaumia zaidi. Niliumia, lakini si kama siku ya figili.

Chengyi, usimzuie mke wako. Na usimlete kwa nguvu pia. Huyu halazimishwi, nadhani umeshajua.

Baba yako anakusalimu. Hakusema, lakini ameuliza mara mbili kama nimemaliza barua, kwake hiyo ni hotuba. Shangazi Huilan anakusalimu na anataka kukutumia kabichi, nimemzuia kwa ajili ya figo zako. Mama Rong anakusalimu, ameshapenga kamasi mara tatu na anasema ni vumbi la dawa. Nibusie Ningning, umwambie mama yake ana bibi, mkali, mwenye pipi za ufuta. Wazee wetu walio mezani pa ubani wakufunike juu na chini, wakupe usingizi, na hewa ya huko isikukaushe moyo.

Mama Rong anasema barua haifungwi bila jina. Jina aandike yeye. Mimi naweka gumba.

Ni mimi bibi yako, niliyekukosea na ninayekupenda kuliko kitu nilichokificha,
Gu Cailian

Sasa sikiliza namna ya kuja. Njoo mwezi wa sita, plamu zikiiva na zile mvua ndogo zisizokatika zikianza, laka ikauke vizuri. Kata kucha. Usipake mafuta mikononi siku tatu kabla. Ukifika usinisalimie, usitue hata mzigo. Nitakuwa nimekaa jikoni, sitakuja kukupokea. Pita moja kwa moja chumba cha mashariki, mlango wa kushoto, juu ya daraja, uweke gumba. Ukishausikia ule ukingo kwa kidole chako mwenyewe, hapo ndipo uje jikoni, na uniambie yote uliyotaka kuniambia siku ile uliposimama. Nitaweka kisu chini.